Maisha ya Daktari Burkitt, Aliyetetea Pumba

Muhula uliopita sisi wanafunzi wa bweni tulipeleka ombi katika baraza la shule. Tuliomba ugali wa dona ubadilishwe, tuwe tukipewa ugali wa sembe, kwa kuwa sembe ni nyeupe, ni laini, na ndiyo ipikwayo nyumbani wageni wanapokuja. Mimi nilikuwa mmoja wa walioinua mkono. Ombi hilo halijajibiwa bado. Wakati wa likizo nilisoma habari za daktari mmoja aliyefanya kazi Uganda kwa miaka ishirini, na tangu hapo mkono ule niliouinua umekuwa ukinisuta. Kwa hiyo nimeona yafaa niwasimulie wasomaji wa gazeti letu maisha yake, ili baraza litakapokaa tena kila mmoja awe amepima mwenyewe.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini ya Ireland. Baba yake, James Burkitt, alikuwa mhandisi wa wilaya, mwenye kushughulika na barabara na madaraja. Saa zake za mapumziko alizitumia kuchungua ndege. Aliwafunga pete miguuni ndege wadogo wa bustani, akaandika kila mmoja anakaa wapi na mpaka wake ni upi, kisha akachora ramani ya makao yao. Hivyo Denis alikulia katika nyumba ya ramani na madaftari, na tutaona mbele jinsi mafunzo hayo yalivyomfaa.

Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipatwa na msiba. Jiwe lililorushwa na wavulana lilimpiga usoni, miwani yake ikavunjika, na vigae vikamwingia jichoni. Jicho la kulia likapotea. Maisha yake yote yaliyobaki aliona kwa jicho moja tu.

Shuleni hakuwa miongoni mwa wanafunzi wa mbele. Mwaka 1929 aliingia Chuo cha Trinity mjini Dublin kusomea uhandisi kama baba yake, lakini baada ya muda mfupi aliona moyo wake unamvuta kwenye udaktari, akabadili masomo. Alikuwa Mkristo mwenye imani thabiti, naye aliamini kwamba ameitwa kuwatumikia wagonjwa. Alihitimu mwaka 1935, na mwaka 1938 akapata shahada ya juu ya upasuaji mjini Edinburgh. Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni, alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, jeshi lilimpokea, likamleta Kenya na Somalia, kisha likampeleka Ceylon, nchi iitwayo leo Sri Lanka. Vita vilipokwisha aliomba tena, na safari hii akakubaliwa. Mwaka 1946 akapelekwa Uganda, katika mji mdogo wa Lira, nchi ya Walango.

Huko Lira ndiko alikoanza kuonyesha tabia aliyoirithi kwa baba yake. Wanaume wengi walimjia wakiwa na mabusha, naye akawapasua mmoja baada ya mwingine. Daktari mwingine angeridhika na kupasua tu. Burkitt aliuliza kila mgonjwa anatoka wapi. Akagundua kwamba karibu wote walitoka upande wa mashariki wa wilaya, na wa magharibi walikuwa wachache mno. Akachora ramani na kuitangaza. Siku hizi twajua kwamba mabusha mengi ya namna ile huletwa na minyoo midogo inayoenezwa na mbu, na mbu hawakai kila mahali kwa kiasi kimoja. Kwa Burkitt hilo lilikuwa somo la kwanza: ukitaka kujua chanzo cha ugonjwa, usiulize tu ni nani anaougua. Uliza pia ni nani asiyeugua, na anaishi wapi.

Mwaka 1948 alihamishiwa Kampala, katika hospitali ya Mulago. Siku moja ya mwaka 1957 mwenzake, Daktari Hugh Trowell, alimwita amwangalie mtoto mwenye uvimbe wa ajabu katika taya zote mbili, kulia na kushoto. Haikupita muda, alipokuwa katika hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uso kama ule. Akaanza kupekua madaftari ya hospitali, akaona kwamba watoto wa namna hiyo walikuwa wengi, ila hakuna aliyewaweka pamoja. Ilikuwa saratani, nayo iliwaua watoto upesi. Mwaka 1958 aliandika habari zake, na saratani hiyo mpaka leo huitwa kwa jina lake.

Tena akataka ramani. Mnamo Oktoba 1961 aliondoka Kampala na madaktari wawili marafiki zake, Ted Williams na Cliff Nelson, katika gari kuukuu la aina ya Ford. Walisafiri wiki kumi, wakapita Tanganyika na kushuka mpaka Afrika Kusini, mwendo wa maili 10,000 hivi, yaani kilomita 16,000. Ndiyo miezi ile ile ambayo Tanganyika ilikuwa ikijiandaa kwa Uhuru wa tarehe 9 Desemba. Katika kila hospitali walionyesha picha za watoto wagonjwa na kuuliza kama wamewahi kuonekana hapo. Walipojumlisha majibu, ramani ilionyesha kwamba ugonjwa ule hukaa katika nchi za joto na mvua, na katika milima mirefu yenye baridi haupo. Baadaye wataalamu walitambua kwamba nchi hizo ndizo zenye malaria nyingi. Mtaalamu mmoja wa London, Anthony Epstein, aliyekuwa amemsikia Burkitt akihutubia, aliomba apelekewe vipande vya uvimbe, na mwaka 1964 yeye na wenzake wakatangaza kirusi walichokiona ndani yake. Burkitt mwenyewe aliwatibu watoto kwa dawa, kwa kuwa Mulago haikuwa na mashine za mionzi, na baadhi yao wakapona kabisa.

Mtu mwingine angetosheka na sifa hizo. Lakini sehemu ya maisha yake inayotuhusu sisi wa shule hii ndiyo kwanza inaanza.

Mwaka 1966 Burkitt alirudi Uingereza kufanya kazi ya utafiti London. Mwaka uliofuata alikutana na daktari mzee wa jeshi la majini, jina lake Kapteni Cleave. Wakati wa vita Cleave alikuwa akiwapa mabaharia waliofunga choo pumba za ngano, nao wakapona. Tangu hapo alishika wazo moja: kwamba maradhi mengi ya watu wa Ulaya na Marekani yanatokana na sukari na unga mweupe, vyakula vilivyokobolewa na kuchujwa mpaka sehemu kubwa ya uzima wake imeachwa kiwandani. Madaktari wengi walimcheka. Burkitt hakumcheka, kwa sababu maneno yale yalimkumbusha jambo alilolijua yeye mwenyewe. Katika miaka ishirini ya kupasua watu Uganda, maradhi ambayo madaktari wa Uingereza huyaona kila siku yeye aliyaona kwa nadra: kidole tumbo, vijiwe vya nyongo, saratani ya utumbo mpana. Trowell naye alikuwa ameshaandika kwamba maradhi ya mishipa ya moyo yalikuwa adimu sana kwa Waafrika wa wakati ule, hata mwaka 1956 alipompata mgonjwa mmoja aliona yafaa atangaze habari zake katika gazeti la madaktari.

Burkitt akaanza upya kazi ya baba yake. Safari hii hakuhesabu ndege, alihesabu maradhi. Aliandikia hospitali nyingi za misheni barani Afrika na Asia, akiomba zimpelekee hesabu mwezi hata mwezi: wameonekana wagonjwa wangapi wa kidole tumbo, na wangapi wa saratani ya utumbo. Majibu yalifanana. Mahali watu walipokula nafaka nzima, maharage, mizizi na mboga, maradhi hayo yalikuwa machache. Mahali walipohamia mjini na kula kama Wazungu, yalianza kuonekana.

Kisha alifanya jambo ambalo wengi wangeona haya kulifanya. Pamoja na wenzake alipima choo cha watu, uzito wake na muda ambao chakula hukaa tumboni. Naomba radhi kwa kulitaja hapa, lakini yeye alilisema wazi mbele ya maprofesa, akiwaonyesha na picha. Katika hesabu zilizotangazwa mwaka 1972, wanakijiji wa Uganda walitoa choo cha gramu 470 hivi kwa siku, na chakula kilipita tumboni kwa saa 36 hivi. Mabaharia wa Uingereza walitoa gramu 104 hivi, na chakula kilikaa saa 83, yaani zaidi ya siku tatu. Katika orodha ile ile walikuwamo pia wanafunzi wa shule ya bweni nchini Uganda, waliokula chakula cha mchanganyiko. Wao walikuwa katikati: hawakuwa kama wazee wao wa vijijini, wala hawakuwa bado kama mabaharia. Niliposoma mstari huo niliona kana kwamba tumeandikwa sisi.

Sababu, alieleza Burkitt, ni nyuzinyuzi. Hizi ni zile sehemu za mmea ambazo tumbo haliwezi kuziyeyusha, na nyingi zimo katika ganda la nafaka, yaani pumba, na katika kunde, matunda na mboga. Kwa kuwa haziyeyuki, watu walizidharau, wakaona ni takataka isiyojenga mwili. Kumbe ndizo zinazoshika maji, zinazolainisha na kusukuma choo, zinazochelewesha sukari isiingie katika damu kwa kishindo, na zinazowalisha vijidudu vyema vinavyoishi katika utumbo wetu. Mwaka 1975 yeye na Trowell walitoa kitabu kikubwa juu ya vyakula vilivyokobolewa na maradhi yake, na mwaka 1979 akaandika kingine chepesi kwa ajili ya watu wa kawaida.

Alipenda kuwaonyesha wasikilizaji wake mchoro mmoja: bomba liko wazi, maji yamefurika chumbani, na watu wanapangusa sakafu kwa bidii wala hakuna anayefunga bomba. Ndivyo alivyoona kazi ya madaktari wanaotibu tu bila kuuliza ugonjwa umetoka wapi.

Yafaa sasa tuulize: ikiwa pumba zina faida hivyo, kwa nini watu wa Ulaya walizitupa? Zamani mkate mweupe ulikuwa chakula cha matajiri, maana kuchekecha unga kulikuwa kazi ngumu. Katika miaka ya 1880 vinu vya magurudumu ya chuma vilienea, unga mweupe ukawa rahisi, na kila maskini akataka kula kama tajiri. Wafanyabiashara nao waliupenda, kwa sababu unga ulioondolewa ganda na kiini hauharibiki upesi, huweza kukaa ghalani na kusafirishwa mbali. Pumba wakalishwa ng'ombe na nguruwe. Hivyo weupe ukawa ndio alama ya ubora, ingawa uliyopungukiwa ni mlaji.

Lakini biashara haikosi ujanja. Burkitt alipowazindua watu, viwanda viliona njia nyingine ya kupata faida. Pumba zile zilizokuwa za nguruwe zikatiwa katika maboksi ya rangi na kuuzwa ghali. Mwaka 1984 kampuni ya Kellogg ya Marekani ilitangaza chakula chake kiitwacho All-Bran kwa kutumia mafunzo ya taasisi ya serikali ya saratani juu ya nyuzinyuzi, na mauzo yakapanda. Kampuni nyingine zikafuata mkumbo. Vyakula vingine vilitiwa pumba kidogo na sukari nyingi, lakini mnunuzi alisoma maandishi makubwa ya mbele tu, hakugeuza boksi kusoma maandishi madogo ya nyuma. Wahenga wetu walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Si kweli kwamba kila alichokisema Burkitt kimethibitika. Waliomfuata wameonyesha kwamba alipanga maradhi mengi mno chini ya sababu moja, na kwamba moshi wa sigara, kukaa bila kufanya kazi, pombe na urithi wa ukoo navyo vina sehemu yake. Lakini shina la mafundisho yake limesimama. Mwaka 2015 wataalamu waliwabadilishia chakula kwa wiki mbili Wamarekani weusi 20 na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini. Wamarekani walipokula nyuzinyuzi nyingi na mafuta kidogo, dalili za hatari ya saratani zilipungua katika utumbo wao. Wanakijiji walipokula chakula cha Kimarekani, dalili hizo ziliongezeka. Na mwaka 2019 uchunguzi mkubwa uliofanywa kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani ulionyesha kwamba mtu mzima hufaa kula nyuzinyuzi gramu 25 hadi 29 kwa siku, au zaidi.

Daktari Burkitt alifariki tarehe 23 Machi 1993 nchini Uingereza, mwenye umri wa miaka 82. Alikuwa amepewa nishani nyingi na kuingizwa katika Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi, naye hakuacha kusema kwamba alijifunza mengi kutoka kwa wengine.

Sasa nirudi kwetu. Mwaka 1989 madaktari walitangaza kwamba katika vijiji sita vya Tanzania walivyovipima, watu wenye kisukari walikuwa hawafiki mmoja katika kila 100. Mwaka 2012 nchi ilipopimwa, watu wazima wenye kisukari walikuwa karibu 9 katika kila 100. Vipimo hivi havilingani kwa umri wala kwa mahali, kwa hiyo si haki kuviweka kwenye mizani moja. Hata hivyo havisemi habari njema.

Hapa Lumuma twalima mahindi na maharage, na vitunguu vyetu hupakiwa kwenda masoko ya mbali. Mahindi tunayoyala tunayapeleka mashineni. Anayetaka sembe hukobolewa kwanza, akalipia na kukoboa, kisha pumba zikaenda kwa kuku na nguruwe. Tunalipa fedha ili kuondolewa kile ambacho Wazungu sasa wanalipa fedha ili kurudishiwa. Jioni, sisi wanafunzi ambao tumeusukuma ugali wa dona pembeni ya sahani twaenda dukani kununua biskuti na soda. Chupa moja ndogo ya soda yaweza kuwa na sukari ya vijiko sita au saba vya chai, wala hakuna hata uzi mmoja ndani yake. Twaipenda kwa sababu picha zake ukutani ni za vijana wenye afya na furaha.

Jambo moja nataka kuliongeza kwa uaminifu, maana mwalimu wetu wa baiolojia alinionya nisilifiche. Dona ni nzuri ikiwa mahindi yake ni mazuri. Mahindi yaliyovunwa na kuwekwa bila kukauka huota ukungu wenye sumukuvu, na sumu hiyo hukaa zaidi katika ganda na kiini, sehemu zile zile ambazo kukoboa huziondoa. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine kufa kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na Dodoma ni jirani zetu. Basi asiyeanika mahindi yake vizuri asijisifu kwamba anakula dona.

Kwa hiyo, wanafunzi wenzangu, naomba tuliondoe ombi letu la muhula uliopita, na badala yake tulete jingine: kwamba dona ibaki, mahindi yachambuliwe na kuanikwa vizuri kabla ya kusagwa, na maharage yaongezwe pale inapowezekana. Tuko tayari kuchambua kwa mikono yetu, zamu kwa zamu, siku ya Jumamosi. Nanyi wazazi, tukija nyumbani likizo, msione haya kutupikia dona hata kama kuna mgeni mezani. Baraza litakapokaa nitainua mkono tena, na safari hii najua ninachokiomba.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne